Dagaa, Upepo na Mlango wa Würzburg

Fundi alitumia kipande cha plastiki. Nataka hilo lieleweke kwanza, mengine yatafuata. Hakutumia nyundo, wala tindo, wala ile drili ambayo moyo wangu ulikuwa umeshajiandaa kuilipia. Kilikuwa kipande cha plastiki laini, kimekunjika pembe moja, ambacho ukikikuta juu ya meza yako unakitupa bila kuuliza ni cha nani. Alikipenyeza kati ya mlango na fremu, juu kidogo ya kitasa, akakishusha taratibu huku bega lake likiutikisa mlango, na mlango ukasema tak, ukafunguka. Hata pumzi haikumpanda. Kisha akaketi kwenye ngazi kuandika risiti, na risiti ndiyo iliyomtoa jasho: kufika, euro 45, kufungua, euro 75, nyongeza ya Jumapili, euro 60, juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19. Jumla euro 214 na senti 20. Mume wangu, Baba Neema, aliigeuza shilingi papo hapo kichwani. Niliiona midomo yake ikihesabu kimya kimya mpaka ikakaribia laki sita, ikagoma.

Mimi nilikuwa pembeni, nimejifunga khanga, juu nimevaa sweta la jirani, miguuni soksi za sufu za jirani huyo huyo. Baba Neema alikuwa na bukta na jezi ya timu ya Pamba. Nje kulikuwa na nyuzi sita. Wapangaji wa jengo zima walikuwa wameshapita kutuangalia, wengine wakijifanya wanapeleka taka. Ndivyo Würzburg ilivyotujua.

Yote yalianza na saa ya Baba Neema. Ni saa ya mkononi aliyoachiwa na marehemu baba yake, ya kutia ufunguo kila asubuhi, na anaiamini kuliko anavyoniamini mimi. Tulifika mjini Jumamosi usiku, Jumamosi ya mwisho ya Machi, na hakuna aliyetuambia kwamba usiku ule ule, ikitimia saa nane, Ujerumani nzima ingesogeza mishale mbele iwe saa tisa. Wajerumani ndio waliotangulia duniani kulifanya jambo hili nchi nzima, mwaka 1916, katikati ya vita, ili kubana makaa ya mawe. Ukiwa huku unaona kwa nini mtu angelifikiria: Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, Desemba saa kumi na moja jioni ni giza totoro, kwa hiyo mchana wao ni kitambaa cha kuvutwa. Lakini mimi nimekulia nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Jua la Mwanza halina mambo hayo. Linachomoza karibu saa moja kamili ya asubuhi, Januari au Julai, na hakuna serikali iliyowahi kuliambia lichomoze mapema ili tubane umeme, ingawa TANESCO wangelipenda wazo hilo.

Simu zingetuambia, ndiyo. Simu zilikuwa zimekufa chaji, na chaja zetu za pini tatu zilikuwa zimeutazama ukuta wa Kijerumani wenye matundu mawili ya duara, zikakata tamaa. Tukabaki na saa ya marehemu. Asubuhi tukavaa vizuri, tukaenda kanisani kuwahi misa ya saa nne, tukafika tukakuta watu wanatoka. Padre alitupa mkono mlangoni akatushukuru kwa kuja.

Tukarudi nyumbani na njaa. Jumapili katika jimbo hili la Bavaria maduka yamefungwa kwa sheria, na siku za kazi yanafungwa saa mbili usiku. Sisi Jumamosi tulishuka kwenye treni saa mbili imeshapita. Kilichokuwepo ndani ya nyumba ni kile tulichobeba wenyewe, yaani sembe na dagaa.

Hao dagaa wana historia yao. Wiki nzima kabla ya safari mama mkwe alikuwa akitutisha kwamba Wazungu watawatupa jalalani na sisi juu yake. Uwanja wa ndege wa Frankfurt tulipita mbele ya maofisa wa forodha nikiwa nimeshalowa kwapani. Kumbe sheria ya Ulaya iko upande wa wavuvi: nyama hairuhusiwi hata kipande kutoka kwetu, maziwa na jibini vivyo hivyo, lakini samaki waliokaushwa mtu anaruhusiwa kilo 20 kwa matumizi yake. Ofisa alifungua mfuko, akainama, akanusa, akasimama wima haraka sana, akatuashiria tupite. Maembe ya mama ndiyo yaliyobaki. Maembe yanataka cheti cha afya ya mimea. Ndizi, mananasi, nazi na tende hazitaki. Ningejua ningebeba mkungu.

Basi nikavua gauni la kanisani, maana koti na gauni la heshima nilikuwa na moja moja na sikutaka yanuke, nikajifunga khanga, nikawaosha dagaa, nikabandika kikaango. Jiko la huku ni kioo tupu, huoni moto, huoni koili, unaona namba tu. Nilibonyeza tisa kwa sababu tisa ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mafuta yakashika moshi kabla sijageuka, na hapo darini kitu cheupe, duara, ambacho usiku uliopita Baba Neema alisema ni kamera, kikaanza kupiga yowe. Bavaria kila nyumba lazima iwe na king'ora cha moshi vyumba vya kulala na korido. Muda wa mwisho wa kuvifunga kwenye nyumba za zamani ulikuwa mwisho wa mwaka 2017. Sheria nzuri, inaokoa watu usingizini. Ila king'ora hakijui tofauti ya nyumba inayoungua na dagaa wa Kirumba.

Nilizima jiko. Naomba hilo nalo lieleweke. Nikashika khanga ya pili nikawa nakipepea king'ora, na Baba Neema akaenda kwenye madirisha. Dirisha la Kijerumani lina mkono mmoja wenye akili tatu: ukitazama chini limefungwa, ukiulaza ubavu linafunguka lote kwa upande, na ukiuelekeza juu linainama kutoka kichwani tu, upepo uingie na mwizi asiingie. Tangu tufike alikuwa hajaacha kuyachezea. Sasa akapata sababu. Akayafungua yote, ya mbele na ya nyuma, kwa mtindo wa ubavu, na mlango wa kutokea kwenye ngazi akauacha wazi ili hewa ipite. Hewa ilipita. King'ora kikanyamaza.

Nikamwambia atoke anuse kama harufu imefika kwenye ngazi, maana hatujamaliza hata siku moja jengoni na sikutaka tuitwe wale wa samaki. Akatoka, akanusa, akasema haijafika. Mimi pua ya Baba Neema naijua. Anaweza kukaa na soksi wiki. Nikatoka ninuse mwenyewe. Tukiwa wawili pale nje tumeinua vichwa tunavuta pumzi, upepo wa mto Main ukaingia dirisha la mbele, ukaushika mlango, ukaubamiza.

Kwetu hilo lingekuwa kelele tu. Unashika mkono wa kitasa, unafungua, unaingia, unamsema aliyeacha dirisha wazi. Baba Neema alinyoosha mkono kushika mkono wa kitasa na mkono wa kitasa haukuwepo.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu tangu siku ile sijalala vizuri kwa kuufikiria ule mlango. Mlango wa kuingilia nyumba wa Kijerumani una mkono kwa ndani tu. Kwa nje kuna kirungu cha chuma kilichokazwa palepale; hakizunguki, hakibonyei, kazi yake ni kukupa pa kushika unapouvuta ukiondoka. Ndani ya ubao kuna kitasa chenye ndimi mbili. Ulimi mmoja ni mnene, wa pembe nne, na huo hautoki mpaka mtu azungushe ufunguo. Wa pili ni mfupi, umechongwa mshazari upande mmoja, na mgongoni mwake kuna springi. Mlango ukirudi, ule mshazari unaligonga bati la fremu, springi inajikunja, ulimi unazama. Ukifika usawa wa tundu, springi inausukuma nje. Basi. Hauhitaji mtu, upepo unatosha. Aliye ndani anauvuta ulimi ule kwa mkono wa kitasa bila hata kufikiri. Aliye nje hana kitu kinachougusa isipokuwa ufunguo.

Na ufunguo nao ni somo. Kitasa hiki, kile cha Linus Yale wa Marekani aliyekipatia hataza miaka ya 1860, kina silinda, na ndani ya silinda kuna pini ndogo zilizosimama kila moja kwa kimo chake, kama watoto wa mama mmoja waliopangwa kwa picha. Kila pini imekatwa vipande viwili. Meno ya ufunguo wako yanazinyanyua zote kwa wakati mmoja mpaka mikato yao inalingana kwenye mstari mmoja, na silinda inazunguka. Jino moja likikosea kwa upana wa unywele, hakuna kitu. Wazo lenyewe wala si la Yale. Wamisri wa kale walilifanya kwa mbao. Lakini hawa wameliendeleza mpaka kwenye uchawi: ufunguo wangu unafungua mlango wa chini, stoo ya chini ya ardhi, banda la baiskeli na nyumba yangu, na wa jirani unafungua vyote hivyo isipokuwa nyumba yangu. Pini nyingine zimekatwa mara mbili, ndiyo siri yake. Ukipoteza ufunguo mmoja, wenye jengo wanaweza kudai vitasa vyote vibadilishwe, kwa hela yako. Tulisainishwa karatasi ya hilo Jumamosi usiku, kabla hata ya kuoneshwa choo.

Ufunguo wetu tulikuwa nao. Ulikuwa mlangoni, upande wa ndani.

Taa ikazima. Taa za ngazi za huku zina kipima muda. Unabonyeza kitufe chenye kinuru cha chungwa, unapewa dakika chache, zikiisha unaachwa gizani. Nikabonyeza.

"Jiko umezima?" Baba Neema akaniuliza.

"Nimezima."

"Una uhakika?"

"Baba Neema, nimezima."

Akakaa kimya kwa muda wa taa nzima. Ikazima tena. Gizani akasema, "Ile tisa ilikuwa inawaka au imezimika?"

Tulipokaa kwenye ngazi tulipata muda wa kuutafakari mji. Huu ndio mji ambao Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei, akaweza kuona mifupa ya mtu ndani ya nyama yake. Hilo waliliweza. Kuweka mkono upande wa pili wa mlango, hapana.

Mlango wa ghorofa ya juu ukafunguka, akatokea bibi wa miaka themanini hivi, ameshika kikapu cha nguo, akatuona: mwanamke wa khanga na mwanamume wa bukta, gizani, kwenye ngazi, wananuka samaki. Kijerumani nilichokuwa nacho ni cha darasani. Najua kuagiza supu, najua kuuliza treni inaondoka njia gani. Nilimwambia, kwa sarufi nzuri kabisa, kwamba mlango wetu umeondoka. Bibi alitazama mlango, akatazama miguu yangu, akarudi ndani. Nikajua anaita polisi. Akarudi na sweta, soksi jozi mbili na viti viwili vya jikoni, akatuwekea pale pale mbele ya mlango wetu, na akampigia simu mratibu wa mpango wa kujitolea uliotuleta huku, ambaye namba yake ilikuwa imebandikwa ubao wa chini.

Mratibu alikuja kutoka kijiji cha jirani akiwa na ufunguo wa akiba. Tulisimama kumpisha. Baba Neema hata alikunja kiti. Akauingiza ufunguo, ukaenda hadi nusu, ukagoma. Akautoa, akaufuta, akaurudisha. Nusu. Akageuka, akatuuliza kwa upole ambao nitaukumbuka siku zote: je, kuna ufunguo mwingine ndani ya kitasa, upande ule?

Kwetu Nyakato, Mwanza, ufunguo hulala mlangoni, nao hulala hivyo kwa sababu: tundu likiwa na ufunguo wako, mwizi hawezi kuingiza wake. Baba Neema ameyafanya hayo tangu tuoane na hatujawahi kuibiwa kupitia mlangoni. Silinda ile ni njia moja inayotokea pande mbili; aliye ndani akiiziba, wa nje hana pa kupita. Ina maana mume wangu aliilinda nyumba kikamilifu. Aliilinda dhidi ya mratibu, dhidi ya wenye jengo, dhidi yetu wenyewe. Ukimuuliza, mpaka leo anasema kitasa kilifanya kazi yake.

Ndipo akaitwa fundi, na kabla hajapanda ngazi aliuliza swali moja tu: mlango umefungwa kwa ufunguo au umevutwa? Umevutwa. Akatabasamu. Ule ulimi wa pembe nne ulikuwa umelala ndani. Aliyetuzuia muda wote ni yule mdogo wa mshazari, na mshazari kinachousukuma ni kitu chochote chembamba kinachoteleza. Upepo ulioufunga na plastiki iliyoufungua vyote havina thamani ya soda. Fundi wa Mwanza angekuja na nyundo, angekivunja kitasa, angekuuzia kipya, na jioni ungeona kazi imefanyika. Huyu hakuacha hata mkwaruzo. Nilitamani angalau aache mkwaruzo.

Dagaa walikuwa wamepoa kwenye kikaango, wabichi upande mmoja. Jiko lilikuwa limezimwa. Nilimwita Baba Neema aje alitazame.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Basi la Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kiti cha mbele yangu kilikuwa kimekatika kikanilalia kuanzia Shinyanga. Ndege ilikuwa ndege. Kwenye treni ya mwendokasi kutoka Frankfurt Baba Neema aliazima simu ya abiria, akampigia mama yake na kumtangazia kwa sauti ya ng'ambo ya ziwa kwamba tumefika salama, na behewa zima likageuka kutuoneshea mchoro dirishani wa uso wenye kidole mdomoni; wana mabehewa ya watu wanaotaka kimya, na wanayalipia nauli ile ile.

La dirisha la viza, hilo sijalimeza. Tuliulizwa tuna uthibitisho gani kwamba tutarudi. Tuna watoto watatu, shamba Magu, na nyumba ambayo haijapigwa plasta. Mtu mwenye nyumba isiyopigwa plasta anakimbilia wapi? Haikutosha. Ikatakiwa hati ya ndoa, tafsiri ya hati ya ndoa, na muhuri juu ya tafsiri ya hati ya ndoa. Baba Neema ni muuguzi mkunga. Barua ya mwajiri wake inasema ameitumikia wodi ya wazazi kwa miaka mingapi na likizo yake bila malipo inakwisha lini. Barua ile ilishikwa kwa vidole viwili.

Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966. Urafiki huo si wa karatasi, umejenga visima na madarasa, na sina neno nao. Ila kila mwaka kwetu wanashuka vijana wa Kijerumani waliomaliza sekondari majuzi, miaka kumi na minane, kumi na tisa, wametumwa na mpango wa serikali yao ulioanza mwaka 2008. Tunawapa majina ya Kisukuma, tunawafundisha kula ugali kwa mkono. Sijawahi kusikia mtu Mwanza akiwauliza wana uthibitisho gani kwamba watarudi kwao. Wiki ya pili utamkuta mmoja mbele ya watoto sabini anawafundisha Kiingereza, ambacho si lugha yake wala yao. Mwingine amesimama wodini anatazama mwanamke anajifungua, kwa sababu anafikiria kusomea udaktari, bado hajaamua. Hakuna anayemdai cheti. Ni watoto wazuri, wengine tumelia nao uwanja wa ndege. Mpango huo huo ulipofungua njia ya vijana wa kwetu kuja huku ilikuwa 2013, na mpaka leo wanaokuja hawafikii wanaokwenda.

Sisi umri wa vijana umetupita, kwa hiyo tumekuja kwa mlango mwingine. Zamani kila kijana wa kiume wa Kijerumani alidaiwa jeshini, na aliyekataa kushika bunduki kwa dhamiri yake alipelekwa kusukuma viti vya magurudumu hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Julai 2011 ulazima wa jeshi ukasimamishwa, na ghafla wale wakataa bunduki nao wakakosekana, maana hapakuwa tena na cha kukataa. Wazee wakabaki bila wa kuwamiminia chai. Ndipo mwezi huo huo ikaanzishwa huduma ya kujitolea ya shirikisho, ya watu wa umri wowote. Kwa hesabu hiyo mimi na Baba Neema tumekuja kujaza nafasi za watu wasiopenda vita, na katika orodha ya nafasi nilizowahi kujaza hii si mbaya.

Lakini chai tu. Mtu wa kujitolea haruhusiwi sindano, haruhusiwi dawa, haruhusiwi kidonda. Nchi inalia kwenye magazeti kwamba haina wauguzi, na muuguzi ameketi kwenye semina anaoneshwa jinsi ya kufunga breki ya kiti cha magurudumu. Vyeti vyake kutambuliwa ni safari nyingine, yenye madirisha yake. Alipoelezwa hayo alitikisa kichwa, akasema sawa. Namjua. Alisema sawa ile ile siku hospitali ilipokosa glovu.

Mengine ya wiki hii ni madogo. Mashine ya dukani ilimeza chupa zetu tupu ikatoa kijikaratasi, tukakitupa. Kijikaratasi ndicho kilikuwa hela. Mwendesha baiskeli alinipigia kengele na kunitolea maneno ambayo darasani hatukufika. Tulikwenda kuliona jumba la Residenz, ambalo kwenye dari la ngazi zake Mwitalia Tiepolo alichora mabara manne miaka ya 1752 na 1753, na Afrika ni mwanamke amekaa juu ya ngamia. Baba Neema alimtazama mpaka shingo ikamuuma, kisha akauliza Mwanza iko upande gani wa ngamia.

Jana kwenye semina ilikuwa zamu ya kunawa mikono. Mkufunzi alikuja na dawa inayong'aa na sanduku lenye taa ya zambarau: unajipaka, unasugua sekunde thelathini, unaingiza mikono sandukuni, na mahali ulipopasahau panabaki peusi. Mimi nilisahau vidole gumba vyote viwili na nyuma ya mkono wa kushoto. Mwenzetu mmoja alisahau karibu kila kitu. Baba Neema alikunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akaanza viganjani, akaja katikati ya vidole, akazungusha gumba, akamalizia na ncha za kucha kiganjani, taratibu, anavyofanya kabla ya kupokea mtoto, na alipoiingiza mikono sandukuni iling'aa yote hadi kwenye vifundo. Mkufunzi aliwaita wengine waje waone. Akampa cheti chenye muhuri, na kazini tunaanza Jumatatu.

Cheti amekipiga picha akamtumia mama yake. Amejibu leo asubuhi, anauliza kama hicho ndicho walichomwitia.